Treni ya mbao, ya betri au ya umeme: ipi umwachie mtoto aiendeshe mwenyewe?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar kwenda Morogoro mwezi Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, watoto wa mji huu wamenogewa na treni. Aliyepanda mara moja tu kwenda kumsalimia bibi anarudi anajua mchongoko, ile treni yenye pua iliyochongoka, ni upi na treni inayovutwa na kichwa ni ipi, na ombi linalofuata halina siri: "Baba, ninunulie na mimi treni yangu."

Mzazi anaingia dukani Kariakoo, anaona boksi lenye picha nzuri, analipa. Au mjomba aliyeko nje anatuma seti ya maana, ya gharama. Mwezi haujaisha, treni iko juu ya kabati na mtoto anaitazama tu siku baba akiwa nyumbani. Treni ya namna hiyo mimi siihesabu. Mtoto anataka aianzishe yeye, aisimamishe yeye, na ikiacha njia airudishe yeye. Kwa hiyo kipimo changu hapa ni kimoja: treni ipi unaweza kumkabidhi mtoto mdogo aiendeshe kwa mikono yake, nawe ukawa na amani? Ukubwa wa seti na jina la kampuni vinakuja baadaye.

Kuna jambo jingine ambalo maandishi ya kwenye boksi hayalijui. Nyumba nyingi za Dar, mchana mtoto yuko na dada wa kazi au bibi, wazazi wako kazini au kwenye foleni. Treni inayomhitaji baba kila inapowashwa haimfai mtoto wa nyumba hiyo, hata ingekuwa nzuri namna gani.

Anza na mdogo kuliko wote nyumbani

Tunanunua treni kwa ajili ya mtoto wa miaka sita, tukamsahau mdogo wake anayetambaa. Sakafu ni moja. Kila kitakachodondoka kwenye seti ya kaka kitaokotwa na mdogo na kupelekwa mdomoni. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mbao na umeme, angalia umri wa mdogo kabisa ndani ya nyumba, pamoja na watoto wa ndugu wanaokuja kila Jumapili.

Kwenye boksi tafuta ile duara nyekundu yenye uso wa mtoto, "0-3" na mstari uliokata katikati. Maana yake si kwamba toi ni gumu kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Ni kwamba lina vipande vinavyoweza kumkaba. Maabara hupima kwa kopo lenye upana wa milimita 31.7: kipande kinachoingia chote humo kinahesabiwa kuwa kidogo mno. Nyumbani tumia kile kibomba cha boksi cha katikati ya toilet pepa. Ni pana kidogo kuliko kopo la maabara, na hiyo ni nzuri, kwa sababu inakufanya uwe mkali zaidi. Gurudumu, taa, mtu wa plastiki, kiunganishi cha behewa, pitisha vyote. Kinachopita, kiondoe.

Vitu viwili ni hatari kuliko kukabwa, na naomba usisome sehemu hii haraka haraka.

Cha kwanza ni betri za saa, zile bapa zinazong'aa kama shilingi. Seti nyingi za bei nafuu huziweka kwenye rimoti, kwenye kengele au kwenye taa za stesheni. Mtoto akiimeza ikakwama kwenye umio, umajimaji wa mwili unaunganisha pande mbili za betri, umeme unapita, na pale inapogusa kunatengenezwa kemikali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa 2 tu madhara yanaweza kuwa makubwa, na mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote zaidi ya kudondosha mate na kukataa chakula. Cha pili ni sumaku. Moja ikimezwa inaweza kupita yenyewe. Mbili, au moja na kipande cha chuma, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuzitoboa. Treni nyingi za mbao na baadhi ya za betri huunganisha mabehewa kwa sumaku, kwa hiyo vuta kila moja kwa nguvu zako kabla ya kumpa mtoto. Ikichezacheza, rudisha dukani au itoe kabisa.

Ukihisi tu kwamba amemeza mojawapo, usimtapishe wala usisubiri kuona choo. Mpeleke moja kwa moja hospitali yenye eksirei, ukibeba boksi la toi au betri inayofanana na ile iliyopotea. Mweleze dada hili kwa maneno haya haya, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwepo.

Mbao na betri

Kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu hadi minne, mbao inashinda, na inashinda kwa mbali. Sababu ni ya wazi: mwendo wa treni ni mwendo wa mkono wake. Haitoki mbio, haina moto, haina waya, na umeme ukikatika mchezo unaendelea. Watoto wawili wanaweza kusukuma kwenye reli moja na wakigongana hakuna kinachoharibika zaidi ya urafiki wa dakika mbili. Hata bibi hahitaji kufundishwa chochote.

Kampuni ya BRIO ya Sweden ilianza kutoa reli zake za mbao mwaka 1958, na wengi waliofuata wameiga vipimo vyake, ndiyo maana kipande cha kampuni moja mara nyingi kinaingia kwenye cha nyingine. Seti zao za kwanza kabisa ni za kuanzia miezi 18, nyingine nyingi ni za miaka 3 na kuendelea. Bei si ya mchezo. Lakini seti hizi hazichakai haraka, na wageni wanaohama Masaki na Oysterbay huuza za mtumba zikiwa bado nzima.

Njia ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni seremala. Mpelekee fundi wa Keko kipande kimoja cha reli kama sampuli: upana wa milimita 40, unene wa 12, mifereji miwili ya magurudumu. Fundi anayetengeneza kitanda cha mninga hashindwi na hiki. Mwambie mambo manne. Apige msasa hadi kingo ziwe laini kwa kiganja. Asipake rangi wala vanishi ya dukani asiyojua ina nini, kwa sababu rangi yenye madini ya risasi inaumiza ubongo wa mtoto anayetafuna kila kitu. Nta ya nyuki inatosha, na mbao ya mninga ina rangi yake nzuri tayari. Asigundishe sumaku, mabehewa yaungane kwa kigingi na tundu, au kwa kipande kifupi cha ngozi. Na viungo vya reli viwe vimelegea kidogo, kwani masika mbao inavimba na kiungo kilichobana Februari hakitatoka Aprili.

Udhaifu wa mbao ni kwamba mtoto wa miaka mitano anaanza kuichoka. Anataka iende yenyewe. Hapo ndipo betri inapoingia, na hapo ndipo pana tofauti kubwa kuliko ya kampuni na kampuni.

Treni nyingi za betri unazozikuta kwenye maduka ya matoi Kariakoo zina swichi moja chini ya tumbo. Unawasha, inazunguka duara, inapiga muziki, hadi betri iishe. Mtoto hafanyi chochote, anatazama. Ataishika tu anapotaka kuisimamisha, na kwa kuwa swichi iko chini, anaishika magurudumu yakiwa yanazunguka. Kwa kipimo changu, hiyo imefeli pande zote mbili, ya kuendesha na ya usalama.

Linganisha na DUPLO ya LEGO, ambayo tangu 2018 kichwa chake kinaanza ukikisukuma kidogo na kusimama ukikizuia kwa mkono. Ni ya kuanzia miaka 2, vipande ni vikubwa, na mtoto anaelewa bila maelezo. Au kichwa cha betri kinachopita kwenye reli zile zile za mbao, chenye vitufe vikubwa juu: mbele, nyuma, simama. Hiki ndicho ningependekeza kwa nyumba yenye reli za mbao tayari, maana hutupi kitu, unaongeza kichwa kimoja tu. Märklin ya Ujerumani nayo ina safu ya my world, ya miaka 3 na kuendelea, yenye reli za plastiki na mabehewa ya sumaku. Ni nzuri, lakini soma tena nilichosema kuhusu sumaku kama nyumbani kuna anayetambaa.

Ukilazimika kununua ile ya bei nafuu, na wengi tutalazimika, ikague ukiwa bado dukani. Mfuniko wa betri lazima ufungwe kwa skrubu inayohitaji bisibisi. Wa kubonyeza na kuteleza mtoto ataufungua siku hiyo hiyo. Pitisha kidole kwenye kingo za reli. Shika gurudumu likizunguka: kama kidole chako kinaumia au injini haisimami ukiizuia, iache. Nunua inayotumia betri za kawaida za AA, wala si za saa. Na achana na zenye moshi, zile zinazokuja na kichupa cha mafuta ya kudondoshea kwenye bomba. Ndani kuna kifaa kinachopata joto, na kichupa kile kitanywewa.

Jambo moja la watoto wa kike, ambalo halisemwi: nywele. Mtoto mdogo hupenda kulala chini, shavu kwenye kigae, ili aione treni ikija usawa wa macho yake. Rasta au nywele ndefu zikigusa ekseli inayozunguka, zinavutwa na kujisokota hadi kwenye ngozi ya kichwa. Zifunge juu kabla ya kuwasha. Ikitokea, zima kwanza, kisha kata nywele. Usivute.

Umeme: hatari haiko pale unapoiona

Sasa treni za umeme, zile za modeli hasa. Ukubwa maarufu duniani ni HO, wa 1:87, wenye reli za upana wa milimita 16.5. Gawanya upana wa SGR, milimita 1,435, kwa 87 na utaona kwa nini: seti ya HO mezani ni SGR yenyewe iliyopunguzwa. Mtoto aliyepanda mchongoko anaitambua mara moja, na hilo lina nguvu yake.

Wazazi wengi huogopa reli, kwa kuwa zina umeme na mtoto anazigusa. Seti ya kawaida ya HO hutumia kama volti 12 za umeme wa moja kwa moja, na kanuni za usalama wa matoi za Ulaya haziruhusu toi kuzidi volti 24. Mkono mkavu hautahisi kitu. Hatari iko ukutani. Soketi zetu ni volti 230, na swali la kuuliza ni hili: hizo 230 zinaishia wapi?

Kwenye seti za kisasa zinaishia kwenye adapta iliyochomekwa ukutani. Waya unaoshuka hadi kwenye boksi la kuendeshea una volti chache tu. Hiyo inakubalika. Kwenye seti za zamani, transfoma na kitufe cha mwendo viko ndani ya boksi moja, na waya wa volti 230 unakuja hadi sakafuni, hadi kwenye mapaja ya mtoto. Hiyo usimpe mtoto mdogo, hata kama ni kumbukumbu ya babu. Izuie pia kama waya wake umekauka na kupasuka, jambo la kawaida kwa vitu vilivyokaa kwenye joto letu miaka mingi.

Zawadi kutoka Marekani zina mtego wake. Transfoma ya huko, kwa mfano ya Lionel yenye reli tatu, imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya Dar kwa kubadilisha plagi peke yake, itapata volti karibu mara mbili. Itaungua, na inaweza kuwasha moto. Soma kibandiko cha nyuma. Kikisema 100-240V, chomeka. Kikisema 120V tu, nunua adapta ya hapa yenye volti na ampea zinazolingana na zile za boksi la kuendeshea, ukimshirikisha fundi umeme.

Halafu kuna maisha ya nyumba zetu. Asubuhi dada anapiga deki, maji yanatambaa kwenye vigae, na ekstensheni ya treni iko pale pale chini. Hili ndilo linalonitisha kuliko volti za reli. Treni ya umeme ikiwa ya sakafuni, ekstensheni iwe imeinuliwa, na plagi itoke kila mchezo unapoisha. Kuna na kukatika kwa umeme: mtoto anaacha kitufe kikiwa wazi kwa sababu treni imesimama yenyewe, anaondoka, na umeme ukirudi treni inaondoka mbio bila dereva. Plagi ikitoka, tatizo hilo limekwisha, na adapta inanusurika na mshtuko wa umeme unaporudi.

Kwa mtoto, HO ina upungufu mwingine. Mabehewa ni mepesi, magurudumu ni membamba, na kuyarudisha relini kunataka vidole vilivyotulia. Mtoto wa miaka minne hawezi, ataita "Baba!" kila dakika, kisha atavunja ngazi na vioo kwa hasira. Hornby ya Uingereza huandika miaka 8 kwenye seti zake za kawaida, na Märklin huandika 15 kwenye HO yake ya wakusanyaji. Wanajua wanachosema. Mtu akae karibu naye, naye anaweza kuanza kwenye sita.

Kuna ukubwa ambao haujulikani sana hapa na ambao kwa mtoto ni bora kuliko HO: G, wenye reli za milimita 45, ulioletwa na LGB ya Ujerumani mwaka 1968. Behewa linajaza mikono miwili, linarudi relini kwa urahisi, na vipande vyake vingi haviingii mdomoni. Isitoshe, kwa kipimo cha 1:22.5 unawakilisha reli ya upana wa mita moja, kama reli yetu ya kati waliyoijenga Wajerumani hadi Kigoma. Ukiwa na uwezo, hii ndiyo treni ya umeme ya familia. Bei yake ni kubwa sana, na lazima uagize. Kichwa kimoja kina uzito wa kuumiza kidole cha mguu, kwa hiyo ikae chini, si mezani.

Ukikaa Kigamboni au Mbezi Beach, jua pia kwamba hewa ya chumvi inatia kutu na uchafu kwenye reli za chuma, treni inaanza kusitasita, na mtoto anajibu kwa kuisukuma kwa nguvu. Kitambaa chenye spiriti kidogo kinasafisha. Spiriti ishikwe na mtu mzima, na chumba kiwe na hewa.

Namna ya kumkabidhi

Treni za umeme zina ubaya mmoja wa kitabia: zinaweza kwenda mbio kuliko treni yoyote ya kweli, na mtoto atalijua hilo ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye kona kichwa kinaruka. Kama mfumo ni wa dijitali, ndani ya kichwa kuna chipu yenye mipangilio ya namba. Namba 5 ndiyo inayoweka kikomo cha mwendo, namba 3 na 4 zinafanya kianze na kusimama taratibu. Baba anaweka kikomo mara moja, mtoto anazungusha kitufe hadi mwisho na treni inakwenda kistaarabu. Kwa mtu mwenye modeli zake na anayetaka kumshirikisha mwanawe, hii ni sababu ya kutosha ya kuhamia dijitali. Kwa mfumo wa kawaida, angalia kama boksi la kuendeshea lina swichi ya mwendo wa watoto. Kama halina, bandika alama ya rangi na umfundishe asiivuke.

Alama hiyo itaheshimiwa kama mtoto ana kazi ya kufanya. Mpe ratiba. Andika vibao: Stesheni, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro. Mmoja ni dereva, mwingine ni stesheni masta, na dereva haondoki kabla hajapewa ruhusa na kupiga honi. Abiria wapande, washuke. Mbio zinapungua zenyewe, kwa kuwa anayepita stesheni bila kusimama anapigiwa kelele na abiria. Kichwa kimoja kwa wakati mmoja, dereva mmoja, zamu kwa zamu. Na hapo hapo unaweza kumfundisha la kweli: hatukai relini, hatuvuki bila kutazama pande zote, na nyaya za SGR zina volti 25,000, haziguswi hata kwa fimbo. Kwa mtoto wa Buguruni au Vingunguti, anayeishi karibu na reli, somo hilo lina uzito kuliko toi lenyewe.

Kwa hiyo, nyumba yako ni ipi?

Kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu na mchana yuko na dada, chukua mbao, bila sumaku zinazotoka, bila kichwa cha betri. Usiyumbe hapa hata kama kaka yake analalamika.

Kama wote wamevuka mitatu, ongeza kichwa cha betri kwenye reli za mbao, au chukua DUPLO. Kati ya hizo mbili, mbao inakua na mtoto kwa sababu fundi anaweza kukuongezea reli, daraja na stesheni mwaka wowote; DUPLO ni bora kama nafasi ni ndogo, mfano chumba na sebule, na kila kitu lazima kirudi kwenye ndoo jioni.

Kama mkubwa ana sita au saba, na kuna mtu mzima wa kukaa naye wikiendi, HO ya adapta ya ukutani, juu ya meza inayofika kifuani mwake, yenye kizuizi cha ubao pembeni ili treni isidondoke. Chumba chenye mlango unaofungwa ni bora kuliko sebule.

Na kama nyumba ina wa sita na wa mwaka mmoja pamoja, ambayo ndiyo hali ya wengi wetu, nunua mbao sasa kwa wote wawili. Fedha ya HO iweke pembeni mpaka yule mdogo avuke miaka mitatu na aache kutia vitu mdomoni. Mkubwa atakuwa na minane hivi wakati huo, vidole vyake vimetulia, naye ndiye atakayemfundisha mdogo wake kurudisha behewa relini.